Kumtuliza Mgonjwa wa Endoskopi Pasipo na Daktari wa Usingizi: Mwongozo kwa Vituo vya Unguja na Pemba

Matatizo ya pumzi na moyo yanayoletwa na dawa za kutuliza ni sehemu kubwa ya madhara yote ya endoskopi, yaani kuangalia umio, tumbo au utumbo kwa mrija wenye kamera, na mengi yake yanazuilika kabla sindano haijagusa kanula (kijimrija cha mshipani). Mwongozo huu ni wa daktari anayeshika endoskopu na muuguzi anayesimama kichwani mwa mgonjwa, siku ambayo daktari wa usingizi ameshikwa na upasuaji wa dharura au hayupo kabisa. Dawa tunazozizungumzia ni midazolamu ya kutuliza, pamoja na fentanili na pethidini za maumivu, zinazopitishwa kwenye mshipa ili mgonjwa atulie huku akiendelea kuitika. Dozi zote ni za mtu mzima. Mtoto apelekwe kwa mtaalamu wa usingizi.

Shikeni jambo moja kabla ya yote: pumzi hupungua kwanza, namba ya oksimita (kipima oksijeni ya damu) hushuka baadaye. Mgonjwa aliyewekewa oksijeni ya lita 2 kwa dakika anaweza kusoma asilimia 98 kwa dakika kadhaa ilhali kifua chake hakiendi inavyopaswa. Anayengoja king'ora cha mashine amekwisha kuchelewa. Kwa hiyo chumba cha endoskopi kinahitaji mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia pumzi tu. Asishike koleo la kukatia kinyama, asiandike fomu ya maabara, asitoke kwenda kumwita mgonjwa anayefuata. Kama wafanyakazi waliopo hawatoshi kumweka mtu huyo, siku hiyo dawa za kutuliza zisitolewe.

Ngazi nne, na ile mnayoitaka

Katika ngazi ya kwanza wasiwasi umepungua lakini mgonjwa yuko macho. Ngazi ya pili ndiyo inayolengwa: anasinzia, ila ukimwita au ukimgusa bega anafumbua macho na kufanya unachomwambia. Katika ngazi ya tatu haitiki mpaka abanwe kwa nguvu, na njia ya hewa inaweza kuanza kuziba. Ya nne ni usingizi kamili wa upasuaji. Mgonjwa anayevuta mkono tu anapofinywa hajaitika, kwani huo ni mstuko wa mwili na hauna maana ya kuwa anakusikia.

Dozi iliyomwacha kijana wa miaka 30 akizungumza inaweza kumshusha bibi wa miaka 75 hadi ngazi ya tatu. Ndiyo maana kanuni inayokubalika duniani inasema: anayelenga ngazi ya pili lazima aweze kumwokoa mgonjwa aliyeangukia ya tatu. Kwa vitendo, mtu asiyeweza kubana barakoa ya ambu (mfuko wa kupulizia pumzi kwa mkono) usoni na kuinua kifua cha mgonjwa hajawa tayari kutoa midazolamu, hata awe daktari bingwa. Mazoezi hayo yafanyike kwa mwanasesere wa mafunzo au chumba cha upasuaji, chini ya mtaalamu wa usingizi.

Kwanza ulizeni kama dawa inahitajika

Gastroskopi (endoskopi ya umio na tumbo) ya uchunguzi huchukua dakika 5 hadi 10, na watu wazima wengi huimaliza kwa dawa ya kupuliza kooni pekee. Lidokaini ya asilimia 10 hutoa miligramu 10 kwa kila mpulizo, na mipulizo 5 hadi 10 hutosha. Mweleze mgonjwa atakachokisikia: atahisi kutapika, mate yatamtoka na ayaache yatiririke, apumue kwa pua. Muuguzi aweke mkono begani mwake tangu mwanzo hadi mwisho. Maelezo mazuri ya dakika tatu hupunguza haja ya dawa kuliko watu wanavyodhani.

Kuna faida nyingine inayowagusa watu wa visiwani. Asiyepewa dawa ya kutuliza anaweza kurudi Makunduchi kwa daladala peke yake. Aliyepewa hawezi. Wekeni dawa za kutuliza kwa kolonoskopi (endoskopi ya utumbo mpana), kupanua koo lililobana, kufunga mishipa iliyovimba ya umio, na kwa mgonjwa ambaye hofu yake haikutulia kwa maneno.

Koo likishakufa ganzi, chakula na maji vinaweza kwenda njia ya hewa. Asile wala kunywa kwa saa moja baada ya kupulizwa.

Nani atulizwe hapo, nani aahirishwe

Mtu mwenye afya, au mwenye ugonjwa mdogo uliodhibitiwa kama shinikizo la damu linaloshikwa na vidonge, anafaa. Mwenye ugonjwa mzito unaompunguzia shughuli zake anahitaji kuzungumzwa na mtaalamu wa usingizi, hata kwa simu. Mwenye ugonjwa unaotishia uhai wakati huo asitulizwe bila mtaalamu huyo kuwapo. Na anayetapika damu nyingi msimpe midazolamu mkamlaza chali: tumbo lake limejaa damu, akisinzia ataivuta mapafuni. Huyo anahitaji mpira wa kupumulia uwekwe kwanza, na mtu anayejua kuuweka.

Kagueni njia ya hewa kwa macho yenu. Mdomo ufunguke upana wa vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe. Shingo ipinde nyuma. Meno ya bandia yatoke. Mwulizeni anayelala naye kama anakoroma sana na pumzi hukatika usingizini. Akiwa mnene, shingo yake imepita sentimita 40 na ana shinikizo la damu, mchukulieni kuwa njia yake ya hewa itaziba mapema, hata kama hajawahi kupimwa.

Kisha dawa anazotumia. Wengi wanaokuja kwa gastroskopi wamekwisha kuandikiwa dawa za kuua bakteria wa tumbo, na klarithromaisini iliyomo huzuia ini kuvunja midazolamu. Flukonazoli hufanya hivyo pia, na ritonavir iliyomo katika baadhi ya dawa za kufubaza VVU huifanya dozi ndogo idumu kupita kiasi. Ulizeni kwa sitara, mlango ukiwa umefungwa na jamaa wakiwa nje. Kwa sitara hiyohiyo ulizeni kuhusu unga (heroini) na methadoni, dawa ya kumwachisha mtu unga. Anayehudhuria kliniki ya methadoni Kidongo Chekundu anaweza kuhitaji mpango tofauti kabisa, na naloksoni (dawa ya kuzima fentanili na pethidini) ya haraka itamtia katika arosto kali mezani.

Mwenye selimundu naye ana masharti yake. Asikae na kiu, asipigwe na baridi ya kiyoyozi, awekewe oksijeni tangu mwanzo. Kushuka kwa oksijeni kidogo tu kunaweza kumwanzishia maumivu makali.

Ridhaa ichukuliwe akiwa amekaa, kabla ya kupanda kitandani.

Kufunga kula, na mwezi wa Ramadhani

Vimiminika vinavyopitisha mwanga viachwe saa 2 kabla: maji, chai ya rangi, kahawa tungu isiyo na maziwa. Chakula chepesi kiachwe saa 6 kabla, na chai ya maziwa na uji vihesabiwe humo. Chapati, sambusa, bajia na vitu vyenye mafuta viachwe saa 8. Swali la "umekula?" hujibiwa "sijala" na mtu aliyekunywa chai ya maziwa na andazi moja, kwa sababu kwake hicho si chakula. Ulizeni hivi: "Tangu jana usiku umetia nini mdomoni, na saa ngapi?"

Ramadhani huleta kosa la aina yake. Mgonjwa husema amefunga, na kweli amefunga, lakini alikula daku karibu na alfajiri. Akila wali saa kumi na nusu za usiku, saa 6 zake zinatimia saa nne na nusu asubuhi, na kama daku lilikuwa na mafuta, ni saa sita na nusu mchana. Kumwita saa mbili asubuhi ni kumtuliza mtu mwenye tumbo lililojaa. Anayetumia dawa za kisukari apimwe sukari kabla ya sindano, kwani usingizi wa midazolamu huficha dalili za sukari iliyoshuka. Kipimo kisicho cha haraka kinaweza kusogezwa hadi baada ya Idi, na suala la hukumu ya saumu yake alipeleke kwa shehe wake mapema, si asubuhi ya kipimo.

Wa kolonoskopi ameharisha usiku kucha kwa dawa ya kusafisha utumbo. Huja akiwa mkavu, na shinikizo lake huanguka kwa dozi ya kawaida. Mtundikieni mililita 500 za maji ya chumvi kabla ya kuanza.

Chumba na vifaa

Unguja hutegemea waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara. Umeme huo ulikatika 2008 kwa takriban mwezi mmoja, kisha kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Pemba ina waya wake kutoka Tanga tangu 2010. Kukatika kwa dakika kumi hakuandikwi popote, lakini katikati ya kipimo kunazima kila kinachomlinda mgonjwa: mashine ya kuzalisha oksijeni, mashine ya kufyonza na kiyoyozi vyote vinasimama pamoja.

Kwa hiyo, kila asubuhi mtungi wa oksijeni uwe chumbani, ufunguo wake umefungwa kwa kamba shingoni mwa mtungi. Ufungueni mwone geji inasoma nini. Mtungi wa lita 680 uliojaa hutoa lita 10 kwa dakika kwa muda wa dakika 68. Ukiwa nusu, dakika 34. Chini ya nusu, badilisheni. Wekeni na pampu ya kufyonza ya kukanyaga kwa mguu, mjaribu kufyonza nayo maji bakulini. Monita iwe na betri inayoshika: ichomoeni ukutani mwone inaendelea kwa muda gani.

Mkono unapofika, bila kufungua kabati, viwepo ambu yenye barakoa za ukubwa mbili, vishikilia ulimi vya milimita 80, 90 na 100, jeli, maski ya koromeo namba 3 na 4, adrenalini, atropini, naloksoni ampuli 2, flumazenili (dawa ya kuzima midazolamu) ampuli zisizopungua 2, na maji ya mshipa. Mashine ya kushtua moyo ijulikane iko wapi na nani huileta. Kitanda kiweze kuinamisha kichwa chini. Msianze na kitanda kisichoinama.

Kuvuta dawa: mahali panapoua kimya kimya

Midazolamu huja katika nguvu tofauti. Kuna ampuli ya miligramu 5 ndani ya mililita 5, yaani miligramu 1 kwa kila mililita. Kuna ya miligramu 5 ndani ya mililita 1, na ya 15 ndani ya mililita 3, ambazo zote ni miligramu 5 kwa kila mililita. Aliyezoea ya kwanza akivuta mililita 2 za ile ya tatu ametoa miligramu 10 akidhani ni 2. Uingereza ilitoa tahadhari ya kitaifa mwaka 2008 kwa kosa hilohilo, ikataka vyumba vya kutuliza vibaki na ile ya miligramu 1 kwa mililita.

Bohari ikileta ya nguvu, izimueni nyote mkiona: miligramu 5 zilizo katika mililita 1, ongezeni maji ya chumvi mpaka mililita 5. Bandikeni plasta kwenye sindano na kuandika "midazolamu 1 mg/ml" pamoja na saa. Fentanili ya mikrogramu 100 ndani ya mililita 2 ivutwe kwenye sindano ya ukubwa mwingine, yenye plasta ya rangi nyingine. Mtu wa pili asome ampuli kwa sauti.

Kutoa dawa

Mlazeni ubavu wa kushoto. Kanula iwe mkono wa kulia, na ijaribiwe kwa maji. Oksijeni lita 2 kwa pua ianze kabla ya dawa. Andikeni pumzi, mapigo, shinikizo na oksijeni za mwanzo.

Kama mnatumia dawa ya maumivu, hiyo itangulie. Chagueni moja. Fentanili mikrogramu 50 kwa mtu mzima mwenye nguvu, 25 kwa aliyepita miaka 65 au aliyedhoofika, polepole kwa dakika moja au mbili. Ikisukumwa haraka inaweza kukakamaza kifua. Jumla isipite 100, na kwa mzee 50. Pethidini ni miligramu 25 hadi 50, kwa mzee 25, na isitolewe kwa mwenye figo zilizoshindwa wala anayetumia tramadoli. Ngojeni dakika 3 hadi 5.

Ndipo midazolamu: miligramu 1 hadi 2 kwa dakika mbili nzima, kwa mzee nusu miligramu hadi 1. Halafu ngojeni dakika 3 kamili kwa saa ya ukutani. Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi. Daktari anaona mgonjwa bado anatazama, anasema "ongeza", inaongezwa, kisha dozi zote mbili zinafika kileleni pamoja, endoskopu ikiwa tayari kooni. Nyongeza iwe nusu hadi miligramu 1, kwa mzee nusu. Simameni kwenye miligramu 5, na kwa mzee kwenye 2. Dawa hizi mbili zikikutana kila moja huipa mwenzake nguvu, kwa hiyo dozi ya kila moja ipunguzwe. Mgonjwa asiyetulia kwa kiwango hicho hahitaji zaidi mikononi mwenu. Kipimo kisimame, apangiwe siku ya mtaalamu wa usingizi.

Propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, iacheni kwa mtaalamu huyo. Haina dawa ya kuizima, na umbali kati ya kusinzia na kuacha kupumua ni mfupi mno. Hata Ulaya hawajakubaliana: mwongozo wa pamoja wa 2010 uliwaruhusu wasio wa usingizi kuitoa baada ya mafunzo maalumu, na 2011 vyama 21 vya kitaifa vya madaktari wa usingizi vikalipinga jambo hilo. Ketamini, dawa nyingine ya usingizi, nayo inavutia kwa kuwa ipo karibu kila hospitali, lakini hujaza mate, na endoskopu inapogusa koo lenye mate koromeo linaweza kujifunga.

Kuangalia pumzi

Muuguzi wa kichwani akae anapoona kifua na uso. Mgonjwa mwenye buibui abadilishe avae gauni la hospitali na kufunikwa khanga nyepesi, ushungi ulegezwe shingoni, na pawepo muuguzi wa kike. Sitara yake inahifadhiwa bila kuficha kifua. Kiganja kiwekwe chini ya mbavu kihisi mpando. Pumzi zihesabiwe kila dakika 5, pamoja na shinikizo. Kila dakika mbili au tatu aitwe kwa jina: "Bi Fatma, nibane mkono." Asiyebana ameshuka ngazi. Kama kuna mashine inayopima hewa chafu inayotoka puani, itumieni. Huonyesha pumzi iliyosimama mapema kuliko oksimita.

Oksimita ina mitego yake hapa kwetu. Bibi harusi au mama aliyetoka harusini huja na piko jeusi kwenye kucha za mikono na miguu, na mwanga haupiti vizuri. Wekeni kibanio kwenye ndewe ya sikio. Zaidi ya hilo, oksimita huwapa watu weusi namba nzuri kuliko hali yao. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2020, pale mashine iliposoma kati ya 92 na 96, damu yenyewe ilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya 3.6 kwa weupe. Kwa hiyo msingoje 90. Ikifika 94, chukueni hatua.

Pumzi ikipungua

1. Sema kwa sauti: "Hapumui vizuri." Hakuna dawa tena. Mwite, mtikise bega, mwambie avute pumzi. Wengi hurudi hapa.

2. Inua kidevu, sukuma taya mbele kwa vidole vya mikono yote miwili. Oksijeni ipandishwe.

3. Hakuna mabadiliko ndani ya sekunde 30, endoskopu itoke. Daktari asiombe "dakika moja tu".

4. Fyonza mdomo, mgeuze chali, weka kishikilia ulimi, bana ambu. Pumzi moja kila sekunde 5 hadi 6, kifua kikipanda tu. Ukibana kwa nguvu hewa huenda tumboni na kuleta matapishi. Kifua kisipopanda, mtu mmoja ashike barakoa kwa mikono miwili, mwingine abane mfuko.

5. Hapo ndipo dawa za kuzima zinakuja, mtu mwingine akizivuta. Naloksoni ya miligramu 0.4 ichanganywe na maji ya chumvi ifike mililita 10, itolewe mililita 1 hadi 2.5 kila dakika 2 au 3. Kama pumzi imesimama kabisa, mililita 2.5 hadi 5 kwa mara. Flumazenili miligramu 0.2, kisha 0.1 hadi 0.2 kila dakika, jumla isipite miligramu 1. Flumazenili inaweza kuleta degedege kwa mwenye kifafa au anayetumia diazepamu kila siku.

Mpangilio huo una sababu. Dawa ya kuzima huchukua dakika kuvutwa na dakika nyingine kufanya kazi. Ambu hufanya kazi papo hapo. Timu inayokimbilia kabati la naloksoni huku mgonjwa akiwa hana anayempulizia imegeuza mambo.

Mgonjwa akianza kurusha mikono na kutaka kung'oa endoskopu, fikirieni kwanza kwamba hana oksijeni. Ikiwa pumzi na oksijeni ni nzuri, huenda midazolamu imemgeukia, na nyongeza itazidisha. Simamisheni. Mapigo yakishuka ghafla wakati wa kolonoskopi, kwa kawaida utumbo umevutwa: daktari atoe hewa na kunyoosha endoskopu kwanza, yakibaki chini na shinikizo limeanguka, atropini miligramu 0.6. Akitapika, kichwa chini, ubavu wa kushoto, fyonza.

Baada ya kipimo

Endoskopu ikitoka, kinachomsumbua mgonjwa kimeondoka, dawa imebaki. Hapo ndipo wengine huacha kupumua, wakati kila mtu anasafisha mashine. Alale ubavu, oksimita ikiwa sikioni, na muuguzi amwangalie kila dakika 5 mpaka aitike vizuri, kisha kila dakika 15. Aliyepewa flumazenili au naloksoni abaki saa 2 kamili baada ya dozi ya mwisho, kwa kuwa dawa hizo huisha kabla ya zile zilizomlaza.

Anaruhusiwa akijua alipo, akipumua na kukohoa bila taabu, shinikizo likiwa karibu na la mwanzo, akisimama na kutembea bila kuyumba. Midazolamu hufuta kumbukumbu. Ataitikia kila unalomwambia, kesho hakumbuki hata moja. Majibu na masharti apewe pia aliyekuja naye, kwa maandishi.

Kwa saa 24 asiendeshe gari wala vespa, asipande nyuma ya bodaboda, asiende baharini kuvua, asipande mkarafuu, asikae peke yake na jiko la mkaa, asitie saini mkataba. Aliyetoka Pemba asirudi kwa boti jioni hiyo. Akichafukiwa na bahari akiwa bado mzito, matapishi yana njia ya kwenda mapafuni. Alale mjini kwa jamaa. Asiye na mtu wa kumchukua hatulizwi, na hilo aambiwe siku anapopewa tarehe. Jamaa aambiwe pia: akishindwa kumwamsha usiku, akisikia anakoroma kwa shida, au akiona damu au homa, amrudishe hospitali bila kungoja asubuhi.

Katika daftari andikeni umri, dozi ya kila dawa, oksijeni ya chini kabisa, na kama dawa ya kuzima ilitumika. Mwisho wa mwezi lisomeni pamoja na mtaalamu wa usingizi. Wazee wakionekana kupewa zaidi ya miligramu 2 za midazolamu mara kwa mara, au flumazenili ikitumika kila wiki, dozi za mwanzo ni kubwa au kungoja ni kufupi, na daftari litaonyesha ni kwa nani na siku zipi.